Dakika saba mbele ya waziri: mwongozo kamili wa hotuba na utetezi kwa kiongozi wa chama cha wafanyabiashara

Mwenyekiti mpya wa chama cha kitaifa cha wafanyabiashara hachelewi kupata mwaliko wake wa kwanza. Wiki haijaisha tangu achaguliwe, simu inaita: kuna kongamano Dodoma, mgeni rasmi ni waziri, na sekta binafsi imepewa dakika saba. Sekretarieti inafungua kompyuta, inachukua hotuba ya mwaka jana, inabadili tarehe na jina la waziri, inachapa. Nimewahi kuandika hotuba za namna hiyo, nakiri. Zilipigiwa makofi, na hakuna hata moja iliyogusa nukta ya sheria yoyote.

Mwongozo huu ni wa anayetaka zaidi ya makofi. Nimeuandika nikiitazama Tanzania, maana ndiko ninakoijua milango na wanaokaa nyuma yake. Msomaji wa Kenya, kwenye muungano wa sekta binafsi, KEPSA, au chama cha wenye viwanda, KAM, ataona mengi yanafanana na ya kwao.

Hatua ya 1: Jua unamsemea nani, na nani hayupo

Tanzania haina sauti moja ya biashara. Ipo TPSF, taasisi mwavuli ya sekta binafsi. Lipo Shirikisho la Viwanda, CTI. Ipo TCCIA, inayounganisha biashara, viwanda na kilimo na yenye ofisi mikoani. Kipo Chama cha Waajiri, ATE, na ipo Jumuiya ya Wafanyabiashara, JWT, ambayo sauti yake husikika sana Kariakoo na kwenye masoko ya mikoani. Hawa wote hukaa upande mmoja wa meza wanapokutana na Serikali, lakini wasikudanganye: hawataki kitu kimoja.

Chukua ushuru wa forodha. Mwaka 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana asilimia 35 iwe ngazi ya juu kabisa ya ushuru wa pamoja, kwa bidhaa ambazo ukanda wenyewe unaweza kuzizalisha. Mwenye kiwanda alishangilia. Mwenye duka anayeleta bidhaa hiyohiyo kwa kontena alishika kichwa. Wote wawili wanaweza kuwa wanachama wako, na wote wamelipa ada. Ukisimama ukasema "wafanyabiashara tunataka ulinzi zaidi", nusu ya ukumbi itakukana kabla ya chai.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi hata moja, itisha kamati ya sera na kodi ya chama. Watoke na msimamo wa maandishi usiozidi ukurasa mmoja, uliopitishwa na kuingizwa kwenye muhtasari wa kikao. Jambo lililowagawa wanachama waachie vyama vya kisekta walisemee wenyewe. Wewe nenda na lile mnalokubaliana. Mara nyingi ni taratibu: marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, yanayochelewa, tozo mbili za mamlaka mbili kwa kazi moja, ukaguzi unaofanyika mara nne kwa mwaka wakati mmoja ungetosha. Hayana mvuto wa kuweka kwenye bango, lakini hapo ndipo chama chote kinasimama nyuma yako.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu. Mwenyekiti naye ana biashara yake. Akiomba msamaha wa kodi kwa malighafi ambayo nchi nzima inatumiwa na kiwanda chake peke yake, maofisa wa Wizara watajua siku hiyohiyo, kwa sababu takwimu za forodha wanazo wao. Hawatasema kitu. Watatabasamu, na kuanzia hapo kila ombi la chama litasomwa kama ombi la mtu mmoja. Dawa ni rahisi: ombi linalokugusa moja kwa moja lisemwe na makamu wako, na kamati ijue sababu.

Ukialikwa Zanzibar, andaa hotuba upya. VAT si jambo la Muungano: Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Zanzibar ni asilimia 15 na mkusanyaji ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Kodi ya mapato, kwa upande mwingine, ni ya Muungano. Kiongozi wa kitaifa anayelalamikia asilimia 18 akiwa Unguja huwapa watu cha kucheka njia nzima hadi bandari ya Malindi.

Hatua ya 2: Panga kwa kalenda ya Serikali

Hotuba nyingi nzuri zimekufa kwa sababu ya tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na hotuba ya bajeti kuu husomwa katikati ya Juni, kwa desturi siku moja na majirani zetu wa Jumuiya. Rudi nyuma kutoka hapo. Wizara ya Fedha hukaribisha mapendekezo ya maboresho ya kodi kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda, na huyachambua miezi inayofuata. Mambo ya forodha yana safari ndefu zaidi, kwa sababu hayaamuliwi Dodoma peke yake: yanaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti kukubaliana viwango.

Maana yake ni nini? Ukisimama kwenye hafla ya chakula cha jioni mwezi Juni ukaomba ushuru wa malighafi upunguzwe, unaomba treni iliyokwisha kuondoka ikurudie. Ombi la namna hiyo lilipaswa kuwa mezani Desemba. Juni ni mwezi wa kupigania maneno ya Muswada wa Sheria ya Fedha, nami nitaurudia huko mbele.

Angalia pia mwenye ufunguo. Ushuru wa huduma unakusanywa na halmashauri, kwa hiyo mazungumzo yake ni ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Michango ya hifadhi ya jamii ina waziri wake. Kuna vikwazo ambavyo mkuu wa mkoa anaweza kuviondoa kwa simu moja, na ndiyo maana mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya yapo, chini ya Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa mwaka 2001 na kuongozwa na Rais. Nimewaona viongozi wakipeleka kwa Rais shida ya geti la mzani mmoja, na Rais akageuka kumtazama mkuu wa mkoa kwa mshangao. Mkuu wa mkoa huyo hakukisaidia tena chama kile.

Hatua ya 3: Ombi moja, lenye kifungu na hesabu

Hapa kaa muda mrefu kuliko penginepo. Hotuba ya kiongozi wa biashara ni ombi lililovaa suti. Ombi likiwa halieleweki, suti haisaidii.

Neno "changamoto" lifute lote kwenye rasimu ya kwanza, uone kinachobaki. Fanya vivyo hivyo kwa "kuboresha mazingira ya biashara". Serikali yenyewe ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira hayo mwaka 2018, ule unaofahamika kama MKUMBI. Ukimwambia waziri aboreshe mazingira atakujibu kwamba anaboresha, na atakuwa hajakosea. Ofisa atakayepewa kazi ya kufuatilia hotuba yako anahitaji kujua mambo matano: sheria gani na kifungu gani, kinamuumiza nani, kwa shilingi ngapi, unataka kisomekeje, na Serikali itapoteza au itapata nini. La tano ndilo viongozi wengi hulikwepa, na ndilo la kwanza kuulizwa Hazina.

Tuchukue mfano wa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa sababu ni mfano wa utetezi uliozaa matunda polepole. Waajiri wameipigia kelele kwa miaka mingi, wakisema ni kubwa na kwamba sehemu tu ya fedha hiyo ndiyo hufika kwenye mafunzo ya ufundi. Mwaka 2013 ilishuka kutoka asilimia 6 hadi 5. Ikashuka tena kwa nusu nusu, hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Kati yake, mwaka 2021, kima cha wafanyakazi wanaomfanya mwajiri aanze kulipa kilipandishwa kutoka 4 hadi 10, na waajiri wadogo wengi wakapumua. Hakuna hotuba moja iliyofanya hayo. Ni ombi lilelile, likiletwa kila mwaka na hesabu mpya.

Hesabu yenyewe iwe ya kitu ambacho mtu anaweza kukiona. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 200, wastani wa mshahara ni shilingi 600,000. Mishahara ya mwezi ni milioni 120. SDL kwa asilimia 3.5 ni milioni 4.2 kwa mwezi, milioni 50.4 kwa mwaka. Ikishushwa hadi asilimia 3, kiwanda kinabaki na milioni 7.2 kwa mwaka. Waziri anaweza kuifanya hesabu hiyo kichwani akiwa amekaa, na ndivyo unavyotaka.

Ukilinganisha na jirani, linganisha kwa uaminifu. Ni kweli kwamba Kenya tozo yao ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 za Kenya kwa mfanyakazi kwa mwezi; kiwanda chetu cha watu 200 kingelipa shilingi 10,000 za kwao. Ukiishia hapo ukumbi utaguna kwa kukuunga mkono. Lakini ofisa wa Hazina atanyoosha mkono na kukumbusha kwamba tangu 2024 mwajiri wa Kenya analipa pia asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Itaje wewe kwanza. Anayetaja hoja ya upande wa pili kabla hajaulizwa huaminiwa hata kwenye yale ambayo hayajathibitishwa.

Ukitumia takwimu za uchunguzi wa chama chenu, sema ni wanachama wangapi waliojibu. Arobaini ni arobaini. Usiwaite "wafanyabiashara wengi nchini".

Hatua ya 4: Andika kwa ajili ya mdomo

Chukua saa, usome kwa sauti. Nimewapima viongozi wengi: Kiswahili cha jukwaani, chenye maneno marefu na vituo vya kupiga makofi, huenda kama maneno 100 kwa dakika. Dakika saba ni maneno 700. Andika 600.

Itifaki isikumeze. Kutaja waheshimiwa mmoja mmoja hula dakika mbili kati ya saba. Mtaje mgeni rasmi, mwenyeji wako na labda mtu mmoja ambaye kutotajwa kwake kutaleta shida, kisha "itifaki imezingatiwa" na uendelee. Hakuna atakayekasirika, kwa sababu kila mtu anatamani mwenzake afanye hivyo.

Shukrani ni lazima. Sisi si watu wa kuomba bila kushukuru. Ila shukuru kitu kilichotendeka, chenye tarehe. "Tunaishukuru Serikali kwa juhudi zake" ni hewa. Sema hivi:

"Mheshimiwa Waziri, mwaka 2023 mlishusha SDL hadi asilimia tatu na nusu. Wanachama wetu waliiona nafuu hiyo kwenye mishahara ya Julai, na tunashukuru. Leo tunakuja na nusu nyingine."

Shukrani hiyo imeshatengeneza njia ya ombi. Ombi lenyewe liwe kwenye dakika ya pili, wakati watu bado wako macho, kisha lirudiwe mwishoni kwa maneno yaleyale. Usilipambe mara ya pili, kwa sababu mwandishi wa habari aliyelikosa mwanzo anataka kulinakili.

Lugha iwe Kiswahili cha dukani na kiwandani. Hotuba yenye "uwezeshaji shirikishi wa mnyororo wa thamani" husinzisha hata aliyeiandika. Sema mkulima wa alizeti, msafirishaji, msaga mafuta.

Mambo madogo ya karatasi: maandishi makubwa, upande mmoja tu, namba za kurasa, bila pini. Tarakimu ziandikwe kwa maneno. Mwenyekiti mmoja niliyemwandikia alisoma "bilioni" mahali pa "milioni" kwa sababu nilimwachia tarakimu tupu na taa za ukumbi zilikuwa hafifu. Kesho yake gazeti lilimnukuu kama alivyosema, na tulitumia wiki nzima kuandika masahihisho ambayo hakuna aliyeyasoma. Tangu siku ile naandika "shilingi milioni hamsini na laki nne", yote.

Hatua ya 5: Usimshtue waziri

Siku mbili tatu kabla, peleka nakala ya hotuba, au angalau maombi yake, kwa katibu mkuu wa wizara husika. Wapo wanaoona huko ni kujipendekeza. Mimi naona ni hesabu. Waziri aliyeandaliwa huja na jibu. Aliyeshtukizwa mbele ya Rais hujitetea, na utetezi wake ukishaingia kwenye vyombo vya habari umekuwa msimamo wa Serikali. Kumwondoa hapo ni kazi ya miaka.

Hii haimaanishi ulainishe ombi. Ukiombwa uondoe aya, uliza sababu. Ikiwa ni kosa la ukweli, rekebisha. Ikiwa ni aibu tu, unaweza kubadili sauti na kuacha hoja.

Hatua ya 6: Sema na wananchi, lakini chunga bei

Andaa taarifa kwa vyombo vya habari kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ombi kwenye aya ya kwanza. Rekodi video ya sekunde 30 ya mwenyekiti akisema ombi lile tu, kwa ajili ya makundi ya WhatsApp. Itasafiri kuliko hotuba nzima. Mweke msemaji mmoja wa kujibu simu za waandishi jioni hiyo, na asiwe mtu anayezima simu saa mbili usiku.

Kuna shimo moja ambalo viongozi hutumbukia bila kujua. Mwenyekiti akitangaza kwamba "tozo hii ikipita, wanachama wetu wote watapandisha bei kwa asilimia 10", amejitengenezea ushahidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na Tume ya Ushindani, FCC, inasoma magazeti kama sisi. Zungumzia gharama: tozo inaongeza shilingi kadhaa kwenye uzalishaji wa mfuko mmoja. Bei kila mwenye biashara ataamua kwake.

Hatua ya 7: Mgomo unapokutangulia

Mei 15, 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa. Malalamiko yalikuwa ya siku nyingi: kamatakamata ya maofisa wa kodi mitaani, usajili wa maghala, risiti za mashine za kielektroniki, EFD, gharama za kutoa mizigo bandarini. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa Mnazi Mmoja, akiwasikiliza wafanyabiashara mmoja mmoja wakishika kipaza sauti. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, safari hii na mikoani pia. Mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutazama mfumo wa kodi, chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue.

Kwa kiongozi wa chama, siku kama hizo ni mtihani mgumu kuliko jukwaa lolote. Wengi wa waliofunga maduka hawakupewa amri na chama. Walipeana kwa simu. Ukijitokeza kuwakemea, umewapoteza. Ukijitokeza kama mwenye mgomo, umejitwika usichoweza kukifungua. Ninavyoona mimi, kazi yako ni kuwahi na karatasi. Mnazi Mmoja watu walisema ya moyoni, kwa uchungu na kwa ukweli, lakini uchungu wa watu mia unahitaji mtu wa kuugeuza kuwa vifungu sita usiku huohuo na kuufikisha kwa wasaidizi wa Waziri Mkuu kabla gari halijaondoka. Chama chenye msimamo wa maandishi wa hatua ya 1 kinaweza. Kisichokuwa nao kitaunda kamati.

Hatua ya 8: Bungeni, maneno kwa maneno

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo hotuba ya waziri katikati ya Juni ni mapendekezo, sheria bado. Zipo kama wiki mbili, na Kamati ya Bunge ya Bajeti husikiliza wadau katika kipindi hicho. Pakia begi uende Dodoma.

Hotuba iache hotelini. Kinachotakiwa pale ni jedwali la safu nne: kifungu cha muswada, kilivyoandikwa, mnavyopendekeza kisomeke, sababu kwa sentensi mbili. Mwanasheria wa chama aandike marekebisho yenyewe, neno la kufutwa na la kuwekwa, ili mbunge au mwandishi wa sheria aweze kuyachukua yalivyo. Kumbuka pia kwamba Ibara ya 99 inamzuia mbunge wa kawaida kuanzisha au kupandisha kodi, lakini haimzuii kupendekeza ipunguzwe. Wabunge wengi hufurahi kukumbushwa hilo.

Leteni mtu mmoja ambaye kifungu kinamuuma kweli: mwenye kiwanda cha kusaga, mwenye malori matatu. Aseme dakika mbili. Kamati huuliza watu kama hao maswali mazuri kuliko wanayomuuliza mwenyekiti.

Hatua ya 9: Daftari la ahadi

Ndani ya siku tatu baada ya kila hotuba, barua iende wizarani ikinukuu alichojibu waziri, kwa maneno yake, na kuomba jina la ofisa wa kufuatilia. Sekretarieti iwe na daftari: ahadi, tarehe, aliyeahidi, aliyepewa kazi, ilipofikia. Sheria ya Fedha ikishasainiwa, waandikieni wanachama taarifa ya kurasa mbili: tulichoomba, tulichopata, tulichokosa na sababu tuliyopewa. Msifiche mlichokosa, kwa kuwa watakiona kwenye makadirio yao ya kodi.

Uongozi wa chama hubadilika, mawaziri hubadilika kwa kasi zaidi, na katibu mkuu anayekumbuka mlichokubaliana Machi huenda Septemba akawa balozi nchi ya mbali. Daftari ndilo linalobaki. Siku ya makabidhiano, mwenyekiti anayeingia apewe daftari hilo kabla ya funguo za gari.